Kutoka KIA hadi Minneapolis: kwa nini kilomita 13,340 zinakula saa 26

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Niko Moshi. Mama yangu ana miaka 67, hajawahi kupanda ndege, na tarehe 14 Julai anatarajia kwenda Minneapolis, Marekani, kwa dada yangu aliyejifungua. Nimepima mtandaoni nikaona KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi Minneapolis ni kilomita 13,340. Ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo nikapata kama saa 15. Wakala ametuletea tiketi mbili. Ya kwanza inaondoka KIA 20:50, inagusa Dar (22:05 hadi 23:25), inafika Amsterdam 07:25, inaondoka hapo 13:00 na kufika Minneapolis 14:50, tarehe 15. Nikihesabu mwenyewe ni saa 18, lakini chini imeandikwa saa 26! Ya pili ni nafuu kidogo, inapita Doha na Chicago: inaondoka 17:50, inafika 19:40 tarehe 15, imeandikwa saa 33 na dakika 50. Kurudi kwa njia ya Amsterdam kumeandikwa saa 19 na dakika 55 tu. Umbali ni uleule, inakuwaje? Hakuna ndege ya moja kwa moja? Na kwa nini ramani ya safari inapinda mpaka Greenland? Mama ana presha, anameza dawa kila siku asubuhi."

Ndugu yangu, hesabu zako karibu zote ni sahihi. Kilomita 13,340 ni sahihi, na kugawa kwa 900 umegawa vizuri. Tatizo ni kwamba hizo saa 15 ni za ndege ambayo haipo: inayoruka mstari mnyoofu kutoka KIA, haina upepo mbele yake wala nyuma, haitembei ardhini, haipandi wala kushuka, na haimsubiri mtu. Saa 18 ulizopata kwa kutoa muda wa kuondoka kwenye muda wa kufika nazo si za kweli, kwa sababu umetoa saa ya Tanzania kwenye saa ya Marekani kana kwamba ni saa ya ukutani mmoja. Namba ya kuamini ni ile ya chini, saa 26. Nitakuonyesha zinakotoka, maana ukizielewa utaweza kusoma tiketi yoyote bila kumtegemea wakala.

Tuanze na saa za ukutani. Kila muda unaoandikwa kwenye tiketi ni wa mahali ndege ilipo wakati huo. Mwezi Julai Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 8, na Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa 1. Mama akitua 14:50 ya kwao, Moshi itakuwa 22:50, yaani saa nne na dakika hamsini usiku wa tarehe 15. Kutoka 20:50 ya tarehe 14 hadi 22:50 ya tarehe 15 ni saa 26 kamili. Kwa tiketi yoyote ya kwenda magharibi, toa muda wa kuondoka kwenye muda wa kufika kama ulivyofanya, kisha ongeza tofauti ya saa. Kurudi mashariki, fanya hivyohivyo lakini punguza. Tiketi ya kurudi inaondoka Minneapolis 15:30 na kufika KIA 19:25 kesho yake. Hizo ni saa 27 na dakika 55 kwenye karatasi, ukipunguza 8 unabaki na saa 19 na dakika 55 walizoandika.

Tofauti hiyo ya saa 8 haikai mwaka mzima. Sisi hatusogezi saa, Doha pia hawasogezi (wako sawa na sisi mwaka mzima), lakini Wamarekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Safari ikihamia Desemba, tofauti inakuwa saa 9. Ulaya nao husogeza, ila tarehe zao ni Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuna majuma machache kwa mwaka ambapo hesabu uliyoizoea inapotea kwa saa moja. Mtu anayesafiri katikati ya Machi asikariri, aangalie upya.

Kuna mtego mwingine hapo hapo, na huu huwaumiza watu wa huku kuliko hesabu yoyote. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, mashirika ya ndege yanahesabu kuanzia usiku wa manane. 20:50 ni saa mbili na dakika hamsini usiku. Wengi hulijua hilo. Shida huja kwa ndege ya 00:40. Tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:40, ndege hiyo inaruka usiku wa kuamkia tarehe 15, maana yake unatoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Mtu anayesoma "tarehe 15 usiku" na kufika KIA jioni ya tarehe 15 anakuta ndege yake iliondoka usiku uliopita. Tiketi za mama hazina hatari hiyo, lakini wakala akikubadilishia ratiba, hilo ndilo la kwanza kulitazama.

Sasa umbali. Hizo 13,340 ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ukiwa na tufe la dunia la shuleni, bana uzi KIA, uvute mpaka Minneapolis uukaze. Utaona haufuati mstari ambao ungechora kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Unapita karibu na Kisumu, unakwenda Gulu, Sudan Kusini, Darfur, Chad, unakata Sahara ya Algeria, unapita juu ya Hispania ya kusini na Ureno, unavuka Atlantiki mpaka ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland, kisha Kanada, ndipo Minneapolis. Ramani ya ukutani imelazimisha tufe kuwa bapa, kwa hiyo njia fupi huonekana imepinda. Ndiyo sababu ya Greenland yako pia: njia fupi kutoka Amsterdam kwenda Minneapolis inapanda hadi nyuzi 60 kaskazini na kupita juu ya ncha ya kusini kabisa ya Greenland. Rubani hajazunguka. Akifuata mstari ulionyooka kwenye ramani bapa ndipo angezunguka.

Ukikuta tovuti nyingine inasema 8,290 na nyingine 7,203, usishtuke. Ya kwanza ni maili za barabarani, ya pili ni maili za baharini ambazo marubani huzitumia (moja ni kilomita 1.852). Umbali ni uleule.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni hili: kupita Amsterdam si kuzunguka. KIA hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,900, Amsterdam hadi Minneapolis kama 6,690. Jumla 13,590, yaani umeongeza kilomita 250 tu juu ya ule uzi. Kinachoongeza kwenye tiketi ya kwanza ni Dar. Ndege inaanza kwa kwenda kusini mashariki kilomita 450, inashusha na kupakia, kisha inaanza upya safari ya kilomita 7,345 kutoka Dar hadi Amsterdam, na njiani inazifuta zile 450 ilizokwenda kinyume. Jumla inakuwa kama 14,485. Tiketi ya Doha ndiyo yenye kuzunguka hasa: kilomita 3,560 kwenda Doha, 11,460 kwenda Chicago, na 540 za mwisho. Zinafika 15,560, zaidi ya 2,200 juu ya njia fupi.

Twende kwenye mwendo. Kilomita 900 kwa saa ni sawa kwa ndege kubwa ikiwa imetulia juu, mita 10,000 hadi 12,000, na kama hewa inayoizunguka imesimama. Lakini hewa ya huko haisimami. Juu ya Atlantiki ya kaskazini kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, ambao wakati wa baridi unaweza kupita kilomita 300 kwa saa, na Julai hupungua bila kuisha. Ndege inayokwenda Marekani inapigana nao au inaukwepa, inayorudi inaupanda mgongoni. Ndiyo maana Amsterdam hadi Minneapolis imeandikiwa saa 8 na dakika 50, na kurudi njia ileile saa 8 kamili.

Kisha kuna dakika za ardhini. Muda kwenye tiketi unaanza ndege inapoachia maegesho na kuisha inapoegeshwa, hauanzi magurudumu yanapoacha lami. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, una njia ya kurukia iitwayo Polderbaan iliyo mbali kiasi kwamba ndege ikitua hapo hutembea ardhini dakika 10 mpaka 20 kabla abiria hajaona jengo. Ongeza kupanda na kushuka, ambako ndege haina mwendo wake kamili. Kwa safari ndefu dakika hizo hazionekani, kwa safari fupi zinameza kila kitu: KIA hadi Dar, kilomita 450 kwa saa 1 na robo, ni wastani wa kilomita 360 kwa saa. Na njia yenyewe haifuati uzi daima. Tangu mapigano ya Sudan yaanze Aprili 2023, ndege za abiria zinazotoka kwetu kwenda Ulaya zinalikwepa anga la nchi hiyo kwa kupita pembeni.

Kwa matumizi ya kawaida, acha 900. Gawa kilomita kwa 850, ongeza nusu saa, na kama unavuka Atlantiki ongeza dakika 25 ukienda magharibi au punguza 25 ukirudi. Jaribu: 6,690 kwa 850 ni saa 7 na dakika 52, na nusu saa, 8 na dakika 22, ukienda, 8 na dakika 47, ukirudi, saa 7 na dakika 57. Linganisha na tiketi zako. Kwa safari za chini ya saa moja na nusu kanuni hii hudanganya, usiitumie.

Sasa unaweza kuona kwa nini kurudi ni kufupi kwa saa 6 na dakika 5, na dakika zote zinapatikana. Kwenda, kutoka KIA hadi Amsterdam kupitia Dar ni saa 1:15 za kuruka, 1:20 za kukaa Dar, na 9:00 za kuruka tena, jumla 11:35. Kurudi, ndege inaanzia KIA kabla ya kuendelea Dar, kwa hiyo mama anashuka baada ya saa 8:25 tu. Hapo ni saa 3 na dakika 10. Upepo unatoa dakika 50. Kusubiri Amsterdam ni saa 5 na dakika 35 wakati wa kwenda na saa 3 na nusu wakati wa kurudi, tofauti saa 2 na dakika 5. Jumlisha mwenyewe.

Kuhusu ndege ya moja kwa moja: haipo, na sababu si umbali peke yake. Ndege za kufika kilomita 13,340 zipo. Boeing 787-9 na Airbus A350 zimetengenezwa kwa safari za kiasi hicho na zaidi. Lakini ndege iliyojaa mafuta ya saa 16 ni nzito mno, na KIA iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, mahali pa joto. Hewa nyembamba na yenye joto hupunguza nguvu ya injini na ya mabawa, kwa hiyo hata kwa njia ya kurukia ya mita 3,600, ndege ingelazimika kupunguza abiria au mizigo. Addis Ababa, iliyo zaidi ya mita 2,300, inalijua jambo hili vizuri: ndege za Ethiopian za kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kujaza mafuta wakati wa kwenda, ilhali kurudi zinaunganisha moja kwa moja kwa sababu Washington iko chini. Halafu kuna biashara. Njia kama hiyo inahitaji abiria zaidi ya mia mbili kila inaporuka, mwaka mzima, si msimu wa kupanda mlima tu. Sioni wakitokea karibuni.

Iliyo karibu zaidi nasi ni ya Kenya Airways, Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018: kama kilomita 11,840, takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Watu wa Arusha huipenda, wanapanda basi dogo kupitia Namanga. Kwa kijana ni sawa. Kwa mama wa miaka 67 anayesafiri mara ya kwanza, kumwongezea mpaka wa Namanga, usiku Nairobi na kubadilisha ndege New York ili kuokoa saa chache, mimi nisingefanya hivyo.

Nikija kwenye tiketi zako mbili, ushauri wangu ni ya Amsterdam, na tofauti ya saa karibu 8 si sababu yangu kubwa. Sababu ni mahali atakapokutana na uhamiaji wa Marekani. Sheria yao ni kwamba abiria anakaguliwa kwenye uwanja wa kwanza anaotua ndani ya nchi, na hapo hapo anachukua mizigo yake, anapita forodha, kisha kama anaendelea anaikabidhi tena na kukaguliwa upya mwili na mkoba. Kwa tiketi ya Doha hilo linatokea Chicago, ndani ya saa 3 na nusu alizonazo, kwenye uwanja mkubwa ambapo huenda akatakiwa kupanda treni ya ndani kubadilisha jengo, baada ya saa 14 na nusu hewani. Kwa tiketi ya Amsterdam anakaguliwa Minneapolis. Akimaliza, dada yako yuko nje ya mlango. Foleni ikiwa ndefu, hakuna ndege inayomkimbia.

Pale Amsterdam anatoka nchi isiyo ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) kwenda nchi nyingine isiyo ya Schengen, kwa hiyo anabaki eneo la abiria wa kupita, haingii Uholanzi, na akiwa na viza halali ya Marekani haombi viza ya kupita. Angalia sana wakala asije akakubadilishia ikawa Amsterdam, halafu Paris au Frankfurt, ndipo Marekani. Ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Paris ni ya ndani ya Schengen, na kuipanda ni kuingia Ulaya. Bila viza ya Schengen, mama atazuiwa, na kuna uwezekano asiruhusiwe hata kupanda KIA. Tiketi ya namna hiyo huwa ya bei nzuri sana, na hiyo ndiyo sababu watu huingia mtegoni.

Hakikisha pia kwamba safari nzima iko chini ya namba moja ya bukingi, zile herufi na tarakimu sita. Zikiwa tiketi mbili zilizounganishwa na wakala mkononi, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wowote kwako, na mizigo huenda ikatakiwa kutolewa katikati. Ikiwa moja, shirika ndilo linalotafuta ndege nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inalilazimisha shirika kumpa abiria aliyekwama chakula, na mahali pa kulala ikibidi. Schiphol kuna hoteli ndani ya eneo lenyewe la abiria wa kupita, jambo la maana kwa mwenye pasipoti yetu asiye na viza ya kutoka nje. Zile saa 5 na dakika 35 zinaonekana nyingi, lakini usimwombe wakala azifupishe chini ya saa 2 na nusu: ndege za kwenda Marekani zina mahojiano na ukaguzi wa ziada, na geti hufungwa mapema.

Omba huduma ya kiti cha magurudumu, hata kama mama anapanda na kushuka migombani kila siku. Haitozwi. Iombwe angalau saa 48 kabla, kupitia wakala au ofisi ya shirika, na iandikwe kwenye bukingi kwa kila kipande cha safari. Maana yake halisi ni kwamba kuna mtu atampokea mlangoni mwa ndege Amsterdam, atampitisha ukaguzi, atampeleka geti sahihi, na Minneapolis atampitisha uhamiaji mpaka nje. Kwa mtu asiyejua Kiingereza hiyo ni nusu ya safari. Mwandikie pia karatasi ya Kiingereza yenye jina, anwani na simu ya dada yako, aishike pamoja na pasipoti.

Na mwambie wazi kuhusu Dar: asishuke. Ndege itasimama, watu watainuka, mizigo itashushwa, wahudumu watapita wakiuliza mkoba huu wa nani. Yeye abaki kwenye kiti chake.

Sasa presha. Hapa mimi naishia kwenye hesabu ya saa; dozi ni ya daktari, na namwomba aende kumwona wiki mbili au tatu kabla, KCMC, Mawenzi au kokote anakotibiwa. Hesabu iko hivi: kama humeza dawa saa moja asubuhi ya Moshi, tarehe 15 saa hiyo itamkuta bado angani, Amsterdam ikiwa 06:00, karibu saa moja na nusu kabla ya kutua, wakati huo huwa wanagawa kifungua kinywa. Zamu inayofuata itakuwa saa tano usiku ya Minneapolis, siku hiyohiyo aliyofika. Daktari ndiye aseme kama aendelee kumeza usiku, au asogeze taratibu kurudi asubuhi. Kama kati ya dawa zake kuna ya kuongeza mkojo, akatiwe kiti cha kando ya njia, asije akajinyima maji kwa kuogopa kuwasumbua majirani. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na cheti.

Hewa ndani ya ndege hupunguzwa shinikizo mpaka ifanane na mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400. Kwa mtu wa Moshi huko ni kama kupanda mpaka lango la Marangu au juu yake kidogo. Wazee wengi wenye presha iliyodhibitiwa hawapati shida. Mwenye moyo dhaifu, mapafu mabovu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au anayehema akipanda ngazi chache, asipande ndege bila kuchunguzwa. Kukaa muda mrefu huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, takriban mara mbili kwa safari inayozidi saa 4, na yeye ana vipande viwili vya saa 9. Ainuke kila saa moja au mbili akiwa macho, azungushe vifundo vya miguu akiwa ameketi, anywe maji. Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida na hupungua kwa siku moja mbili. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma kwenye shavu la mguu, au akabanwa na pumzi au kifua, hata wiki mbili baada ya kufika, dada yako ampeleke hospitali wakati huohuo bila kusubiri asubuhi.

Usingizi utachukua muda. Saa 8 za tofauti huhitaji kama wiki moja mwili kuzizoea, na kwenda magharibi ni afadhali kuliko kurudi. Siku za kwanza ataamka saa nane au tisa usiku akitafuta uji. Wampe tu.

Mengine madogo. Alama ya KIA kwenye tiketi ni JRO. ARK ni uwanja wa Kisongo, Arusha, na watu huzichanganya. Kutoka Moshi ni kama kilomita 40, lakini barabara ina maeneo mengi ya mwendo wa 50. Aondoke nyumbani saa kumi na nusu jioni ili awe dirishani karibu saa tatu kabla ya kuruka. Ndizi mshare, nyama na matunda mabichi aviache. Forodha ya Marekani itavichukua, na asipovitaja kwenye tamko anaweza kutozwa faini. Anapokabidhi begi, soma kikaratasi wanachokifunga: kinatakiwa kiwe na MSP, yaani Minneapolis, mwishoni. Kikiishia AMS, yaani Amsterdam, mwambie mhudumu akibadilishe hapo hapo kabla begi halijaondoka kwenye mkanda.

Kisha mwambie dada yako kwamba 14:50 ni muda wa ndege kuegeshwa. Uhamiaji, mizigo na forodha vinaweza kula saa moja, au mbili ndege nyingine zikiwa zimetua pamoja. Nanyi huku Moshi msianze kupiga simu za wasiwasi kabla ya saa saba usiku.